Sarafu za marehemu nyanya: zipi zina bei na zipi zina kelele tu

SWALI

Shikamoo, mwalimu. Mimi ni mkazi wa Majengo, hapa Mombasa. Nyanya yetu alifariki mwaka jana, na tulipokuwa tukipanga vitu vyake tukakuta chini ya kitanda kopo la maziwa ya unga limejaa sarafu kuukuu. Nyingi ni zile zenye tundu katikati. Kuna moja kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke na mwaka 1780. Kuna rupia mbili za Malkia Victoria, moja imetiwa kitanzi ikavaliwa mkufuni. Kuna za shaba zilizoandikwa Mombasa 1888, na nyingine zina Kiarabu kitupu na tarakimu 1299. Kuna moja ya East India Company ya 1818 yenye picha ya miungu ya Kihindi, moja yenye tundu na jina la mfalme Edward wa nane, na shilingi nyingi za Mzee Kenyatta. Jamaa mmoja kwenye WhatsApp anasema shilingi ya 1966 inanunuliwa laki nane ng'ambo, ila nitangulize elfu tatu na mia tano za usajili. Sonara ametaja bei ya zile za fedha, na mnunuzi wa skrepu anataka zilizobaki kwa kilo. Ndugu zangu wanasema tuuze, tugawane, yaishe. Je, zina thamani kweli? Nianzie wapi?

JIBU

Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu nyanya yenu.

Nianze na la haraka: hizo elfu tatu na mia tano usizitume. Mnunuzi wa kweli hutoa pesa, haombi pesa. Mkusanyaji akipenda sarafu yako atataka kuiona, ataipima, mtaelewana bei, atalipa. Nyumba ya mnada hukata ujira wake kwenye mauzo. Huyo wa WhatsApp ukimtumia leo, kesho utaambiwa kuna ushuru wa forodha, keshokutwa kuna wakili, na kila malipo yataitwa ya mwisho. Nimewaona kina mama wa Kisauni na Likoni wakikopa kwenye chama ili walipe ada za namna hii, na inaniuma kila mara, kwa sababu sarafu waliyoonyeshwa kwenye simu ni ile ambayo mtu yeyote anaweza kuikuta kwenye droo ya mzee wake.

Shilingi ya 1966 yenyewe ni sarafu nzuri, wala sisemi uitupe. Ni ya toleo la kwanza la Kenya huru, lililokuwa na senti 5, 10, 25 na 50, shilingi 1 na shilingi 2. Utazitambua za mwanzo kwa sababu sura ya Mzee haina maandishi yoyote kuizunguka. Maandishi ya kumtaja kuwa rais wa kwanza yaliongezwa kuanzia 1969. Lakini shilingi hiyo ilipigwa kiwandani kwa mamilioni. Iliyopita mikononi miaka kumi, ikasagika mpaka nywele za Mzee hazionekani, haina anayeitafuta.

Hapa mjini kwetu jambo hili limegeuka juu chini. Sarafu zinazopigiwa kelele kwenye simu hazina bei, na zile zenye bei zinaondoka kimyakimya kwa mizani ya skrepu. Kopo la nyanya yenu lina za aina zote mbili, ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Kabla ya lolote, usizioshe. Najua mkono wa mtu wa pwani ukiona shaba iliyofifia huenda moja kwa moja kwenye ndimu, ukwaju na majivu, kama tunavyong'arisha sinia na mabuli. Kwa sarafu hiyo ni hasara isiyorudi. Rangi ya kahawia au nyeusi inayoifunika shaba ya zamani ni ngozi yake. Imejengeka kwa miongo mingi, na mkusanyaji huitazama hiyo kwanza. Asidi ya ndimu huila, majivu huacha mikwaruzo midogo inayoonekana chini ya kioo cha kukuzia, na sarafu inabaki na wekundu mbichi ambao mjuzi huutambua akiwa mbali. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza sehemu kubwa ya bei yake, na hakuna fundi wa kuirudishia. Dawa ya meno, soda, brashi ya waya, zote ni hivyo hivyo. Ikiwa ina mchanga, iloweke kwenye maji safi, uiache ikauke yenyewe juu ya kitambaa laini. Basi.

Zitoe pia humo kopoini. Unyevu wetu na chumvi ya bahari huipata sarafu hata ndani ya kabati, na bati likishika kutu huambukiza vilivyomo. Usizihamishie kwenye mifuko laini ya plastiki, kwa sababu baadhi yake hutoa kemikali inayoacha utando wa kijani unaonata. Bahasha ndogo za karatasi zinatosha, sarafu moja bahasha moja, na juu yake uandike unachokisoma: jina, mwaka, maandishi, uzito. Ukiishika, ishike kingoni.

Sasa tuje kwenye thamani. Umri peke yake hauna bei. Kinacholeta bei ni uchache wa zilizobaki, hali ya ile uliyo nayo, na kuwapo kwa watu wanaoitafuta. Na chini ya yote hayo kuna bei ya madini, ambayo haishuki sifuri hata kama wakusanyaji wote wakalala. Hakuna sarafu inayolifundisha hilo vizuri kuliko riale yako, ile kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke na mwaka 1780.

Mwanamke yule ni Maria Theresa wa Austria, aliyefariki mwaka huohuo wa 1780. Riale yake ilikuwa imeshapendwa sana na wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu, nao hawakutaka kuona sura nyingine, wala mwaka mwingine. Kwa hiyo iliendelea kupigwa na 1780 yake ileile, miaka nenda miaka rudi: Vienna, na katika karne ya 20 pia Rome, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Riale yako inaweza kuwa ya karne ya 19, au ya miaka ya 1930, au ya juzi kabisa. Mwaka uliochorwa juu yake haukuambii. Wajuzi hutenganisha matoleo kwa vitu vidogo sana, kama lulu za pini iliyo begani na manyoya ya mkia wa yule tai wa upande wa pili. Matoleo machache ni adimu kweli. Mengi bei yake iko karibu na fedha iliyomo.

Fedha iliyomo si kidogo, lakini. Riale halali ina uzito wa gramu 28.07 na kipenyo cha karibu milimita 40, na fedha safi ni sehemu 833 katika 1000, yaani kama gramu 23.4. Bei ya fedha duniani hutajwa kwa aunsi ya masonara, ambayo ni gramu 31.1. Chukua bei ya siku hiyo, igawe kwa 31.1, uzidishe kwa 23.4: hapo ndipo sakafu ya mazungumzo. Kama sonara ametaja nusu ya hiyo, sasa unajua la kumwambia.

Lakini kwanza hakikisha ni riale kweli, kwa sababu za kughushi zimejaa, na wageni huuziwa kama kumbukumbu. Itazame ukingoni: ya kweli ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, na vipambo baina yake. Ya bandia mara nyingi ina ukingo mtupu, au mistari tu, au mshono unaoizunguka kama kitu kilichomiminwa kwenye kalibu. Isogezee sumaku, fedha haivutwi. Kisha ipime, na kama una subira kuna kipimo cha maji ambacho nakipenda kuliko vyote, kwa sababu hakiachi alama wala hakihitaji kumtegemea mtu. Tafuta mizani ya kidijitali inayosoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Weka juu yake bilauri ya maji, uirudishe kwenye sifuri. Funga riale kwa uzi mwembamba, uizamishe majini yote bila kugusa chini wala kando. Mizani itasoma namba ndogo. Hiyo ndiyo nafasi riale inayoichukua majini. Riale ya kweli itasoma karibu 2.75. Ikisoma 3.1 na zaidi ilhali uzito wake mkavu ni uleule wa gramu 28, ndani mna shaba au nikeli, hata kama juu imepakwa fedha.

Kipimo hichohicho kifanye kwa rupia isiyo na kitanzi. Rupia ya Victoria ina gramu 11.66, na fedha ni sehemu 917 katika 1000, yaani kama gramu 10.7; majini isome kama 1.13. Hii ndiyo iliyokuwa fedha ya Mombasa kabla ya shilingi, na reli ilipoanza kujengwa hapa mwaka 1896 vibarua na mafundi walilipwa kwa hizo. Zilipigwa nyingi mno kule India, kwa hiyo ya kawaida iliyochakaa bei yake huipita bei ya fedha kwa kiasi kidogo tu. Ikiwa nywele za malkia bado zinahesabika na maua ya vazi lake yamesimama, hiyo ni habari nyingine. Usiiache iende kwa gramu.

Ile yenye kitanzi, mkusanyaji wa sarafu hataitaka, maana imeshachomewa. Usikate kitanzi ukidhani utaiponya. Utaacha kovu na utakuwa umeharibu vitu viwili, sarafu na pambo. Iache kama ilivyo. Mapambo ya fedha ya wanawake wa pwani yana watu wake, na zaidi ya hapo, ile aliivaa nyanya. Mimi ningeitoa kwenye mazungumzo ya kuuza.

Sasa nakuja kwenye zile ambazo mtu wa skrepu anazitaka kwa kilo, na hapa nakuomba utulie. Zilizoandikwa Mombasa 1888 ni sarafu za mji wako. Mwaka huo kampuni ya Kiingereza, Imperial British East Africa Company, chini ya William Mackinnon, ilipewa hati na Malkia, nayo ikaja kuendesha pwani hii ambayo ilikuwa ya Sultani wa Unguja. Ikapiga sarafu zake yenyewe. Upande mmoja una jua lenye miale na taji, upande wa pili mizani, jina la Mombasa, 1888, na tarehe ya Kiislamu 1306. Za shaba ni pesa moja, na pesa 64 zilifanya rupia. Kampuni haikudumu; kufikia 1895 serikali ya Uingereza ilikuwa imeshachukua nchi.

Pesa hizo za shaba hazikuwa chache, kwa hiyo nisikudanganye: iliyosagika haitakutajirisha. Lakini wakusanyaji wa Afrika Mashariki wanazitafuta siku zote, na iliyo safi, yenye ukali wa maandishi na ngozi yake ya asili, hulipwa mara nyingi zaidi ya kile ambacho mtu wa skrepu angekupa kwa kopo zima. Na sasa zitazame tena moja moja. Je, kuna yoyote ambayo si ya shaba bali ya fedha? Kampuni ilipiga pia rupia ya fedha ya 1888, yenye herufi H, alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, na mwaka 1890 ikapiga nusu rupia, robo rupia na ana mbili, yaani sehemu ya nane ya rupia. Hizo ndizo za kufungiwa kabatini. Ndogo yake, ana mbili, ni kidude chepesi ambacho kwenye kopo la shaba hupita bila kuonekana, nayo ikinyauka kwa weusi hufanana na kitu cha kutupwa. Mwaga kopo lote juu ya shuka nyeupe mchana, uangalie.

Zenye Kiarabu kitupu na 1299 si za miaka mia saba iliyopita, ingawa najua kuna atakayekuambia hivyo. Ni mwaka wa Hijria. Zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622, utapata 1882: ni pesa za Sultani Barghash bin Said wa Unguja, nazo zina mizani vilevile. Za shaba zilienea pwani nzima na bei yake ni ya wastani. Barghash alipiga pia riale za fedha na sarafu za dhahabu mwaka huohuo, na hizo ni adimu kupindukia. Ukionyeshwa moja sokoni kwa bei ya kutupa, ni ya kughushi.

Zenye tundu nitazipitia haraka. Ni senti za Afrika Mashariki, zilizotumika Kenya, Uganda na Tanganyika na baadaye Unguja. Zilipigwa kwa wingi usio kifani, na senti kumi ya 1952 iliyochakaa haifiki bei ya sahani ya pilau. Zipange kwa miaka, uziuze kwa pamoja kwa mtu anayeanza kukusanya, au uwape watoto wajifunze historia. Herufi ndogo unazoziona, H, KN, SA au I, ni alama za viwanda vya Birmingham, King's Norton, Pretoria na Bombay.

Ile ya Edward wa nane inahitaji maneno yake, kwa sababu inawatia watu homa. Ni kweli kwamba Edward alikaa kwenye kiti chini ya mwaka mmoja, akaachia Desemba 1936, na kwamba sarafu za Uingereza zenye sura yake zinauzwa kwa bei ya mamilioni ya shilingi. Sarafu zetu zilikuwa na tundu pale ambapo sura ingekaa, kwa hiyo jina lake pekee lilitosha, na kiwanda hakikungoja picha. Senti 5 na senti 10 za 1936 zikapigwa kwa mamilioni. Ni kumbukumbu nzuri sana ya mfalme asiye na taji, na ni ya bei ndogo.

Ile ya 1818 yenye miungu si sarafu kabisa. East India Company haikuwahi kupiga nusu ana ya namna hiyo. Ni vipande vilivyotengenezwa baadaye kwa ajili ya mahujaji wa mahekalu na watalii, vikatiwa miaka ya kubuni: 1616, 1717, 1818, 1839. Kule India kumevuma ulaghai kwamba vinavuta mchele na vina nguvu za siri, na uvumi umeshavuka bahari. Ni ndugu wa ule uvumi kwamba eti cherehani za zamani zina zebaki nyekundu ya bei kubwa ndani yake. Mtu akikuambia sarafu ina nguvu, hakuna mazungumzo tena.

Katika za Kenyatta, tafuta vitu viwili. Kwanza, shilingi 5 ya 1973 yenye pembe tisa, iliyotolewa kwa miaka kumi ya uhuru. Haikutolewa kwa wingi kama nyingine. Pili, sarafu yoyote inayong'aa kama kioo na isiyo na mkwaruzo, kwa sababu hiyo huenda ilitoka kwenye seti za wakusanyaji. Za dhahabu za 1966, shilingi 100, 250 na 500, sitarajii uzikute kopoini, ila kama ipo ya manjano na nzito kuliko umbo lake, usiionyeshe mtu kabla ya kuipima.

Na kuna mbili ambazo hukuzitaja lakini ningependa uzitafute humo. Moja ni florini ya 1920. Rupia ilipoachwa mwaka huo, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilileta florini, na mwaka 1921 florini ikapishwa na shilingi. Maisha yake yalikuwa mafupi, nyingi zilirudishwa, na iliyo katika hali nzuri ina bei kweli. Usiichanganye na shilingi ya simba iliyoifuata. Hiyo, ikiwa ni ya kati ya 1921 na 1946, ni fedha robo tu, hata gramu 2 za fedha safi haifiki. Na kuanzia 1948 haina fedha kabisa. Ya pili ni zile za Wajerumani wa Tanganyika, ambazo biashara ilizileta mpaka huku: pesa za shaba zenye tai na Kiarabu za 1890 hadi 1892, za kawaida; na zile zilizopigwa Tabora mwaka 1916 wakati wa vita, zenye herufi T. Kati ya hizo za Tabora, rupia 15 ya dhahabu yenye tembo mbele ya mlima ndiyo inayotamaniwa kuliko zote za ukanda wetu, na ndiyo inayoghushiwa kuliko zote. Heller za Tabora, yaani senti za Wajerumani, ni za shaba nyekundu au shaba ya njano, na bei yake ni ya kawaida.

Ukishazijua, bei utaitafutaje? Tovuti ya Numista ni ya bure, ina picha na uzito wa karibu kila sarafu niliyoitaja hapa. Linganisha yako nayo, ukingo kwa ukingo. Kisha nenda kwenye masoko ya mtandaoni kama eBay, lakini chuja utazame zilizokwisha kuuzwa tu. Hapa ndipo wengi wanapotea. Mtu yeyote anaweza kutangaza senti kumi kwa dola elfu hamsini. Tangazo halina gharama, na picha ya tangazo hilo ndiyo inayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Bei ni ile ambayo mtu mwingine aliitoa mfukoni. Tazama mauzo kadhaa ya sarafu iliyochakaa kiasi cha yako, si moja iliyo bora kuliko zote. Wataalamu huipa hali ya sarafu alama kutoka 1 mpaka 70, na kampuni za Marekani kama PCGS na NGC huipima na kuifungia kwenye kasha. Kwa kopo lako, kasha litakuwa ghali kuliko sarafu, isipokuwa ukikuta ile rupia ya fedha ya Mombasa katika hali nzuri sana.

Sonara si adui yako. Kazi yake ni madini. Akinunua anafikiria kuyeyusha, na lazima abakize faida. Mwendee kwa kupima na kwa kuulizia bei ya fedha ya siku, uwaulize wawili watatu, lakini usimwachie aamue thamani ya kitu ambacho yeye atakiyeyusha. Na usiache sarafu dukani kwa mtu ili aiangalie kwa nafasi yake. Ipige picha, ipime, ondoka nayo.

Kuna jambo la sheria ambalo madalali hawalitaji. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, mbali na kitabu au hati. Pesa za Mombasa za 1888 zimo, za Barghash zimo, na rupia ya Victoria ya kabla ya mwaka huo inaweza kuwemo. Kuzitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Kwa hiyo kabla hujamtumia mtu wa ng'ambo chochote kati ya hivyo, panda mpaka Fort Jesus uulizie kibali, na uulize pia masharti ya kuuza humu nchini. Makumbusho hayatakutajia bei, hiyo si kazi yao, lakini mtu wa huko akishika sarafu mkononi anaweza kukwambia ni nini. Hayo ni kwa vitu vilivyorithiwa nyumbani. Kitu kilichotoka ardhini, kwenye msingi wa nyumba au shambani, hicho huripotiwa makumbusho na mahali pake huonyeshwa. Mwaka 2013 sarafu moja ya Yongle, mfalme wa China aliyetawala 1402 hadi 1424, ilipatikana kisiwani Manda, na ilizungumzwa duniani kote kwa sababu ilijulikana imetoka kwenye udongo gani. Ingepitia mfukoni mwa dalali kwanza, ingekuwa kipande cha shaba chenye tundu la mraba.

Kuhusu ndugu zako: hiyo ni mirathi, na haraka yao naielewa. Lakini msigawane sarafu kwa kuhesabu vipande, huyu ishirini na yule ishirini, maana mmoja atapata riale na mwingine senti tupu, na baadaye itakuja lawama. Kaeni pamoja, mwandike orodha moja yenye picha, kila mmoja abaki na nakala kwenye simu yake. Baada ya hapo ndipo mpange zipi ziuzwe na pesa igawanywe kwa mafungu yenu, na zipi zibaki. Kama yupo mzee wa familia anayekumbuka nyanya alizipata wapi, kama babu alikuwa bandarini au relini au alifanya biashara na majahazi, mwandikeni maneno yake pamoja na orodha. Mnunuzi makini huuliza asili ya mali, na maandishi hayo humpa imani kwamba haikuibwa. Mkikuta noti ndani ya kitabu au Msahafu, msizinyooshe kwa pasi na msizibandike selotepu.

Mtu wa skrepu mwambie bado. Nitumie picha za pande zote mbili za kila ya shaba iliyoandikwa Mombasa, zilizopigwa mchana kivulini bila tochi ya simu, na picha ya ukingo wa riale kuizunguka yote. Pamoja nazo niandikie namba ulizozipata kwenye mizani, kavu na majini, za riale na za ile rupia isiyo na kitanzi. Na ukikuta humo kitu kidogo cheusi kama ana mbili ya 1890, nitumie hicho kwanza.